Khabari Hii Umeipokea kwa Nani?

Leo nataka kuandika juu ya mas-ala ya skuli, nayo ni kuwafundisha watoto namna ya kuzipima khabari wanazozisoma, wanazozisikia na wanazoziona katika magazeti, redio, runinga na khasa simu. Na kwa kuwa haifai mtu kuwaamrisha wenziwe wapime hali yeye mwenyewe hakupima, nitaanza na kosa langu.

Usiku wa kuamkia Ijumaa moja, mwezi wa Februari mwaka 2024, baada ya Isha, iliniingilia picha katika simu yangu. Ilikuwa picha ya vichwa vya punda vimetupwa kando ya lori, na wanaume wanne wamesimama wanavitazama. Chini yake pameandikwa kuwa hiyo ndiyo nyama wanayouziwa Waislamu wa Mombasa, ukatajwa na mtaa, kisha pakamalizwa kwa kumhimiza kila mwenye imani aisambaze apate kuwaokoa ndugu zake. Sikulala nayo. Niliipeleka kwa kina mama wa darsa, kwa wazazi wa watoto wa chuoni, na kwa jamaa zangu. Kesho yake baada ya sala ya Ijumaa nikashika kipaza sauti nikawaonya watu juu ya nyama ya mtaa ule. Jina la mtu sikulitaja, na nafsi yangu ikaniridhisha kuwa kwa kutotaja jina nimemhifadhia mtu heshima yake. Lakini mtaa wenyewe una bucha moja tu.

Jumatatu alinijia mwenye bucha. Hakuja kwa ugomvi. Alikaa barazani, akanywa kahawa aliyopewa, kisha akasema, "Maalim, si wewe uliyenisomesha Juzuu Amma? Toka Jumamosi sijauza hata kilo tano. Ungeniuliza tu." Nikamjibu kuwa mimi sikumtaja. Jibu lile nikilikumbuka naona haya mpaka leo.

Mimi si mwalimu wa serikali. Ni mwalimu wa chuo, lakini kila Ijumaa asubuhi huingia katika skuli moja ya serikali iliyo karibu na kwetu, nikawasomesha watoto wa Kiislamu kile kipindi cha dini kinachoitwa PPI. Ijumaa iliyofuata nilikuwa na gredi ya saba, nawaeleza halali na haramu katika vyakula, na kwa kuwa moyo wangu ulikuwa ukitafuta kujihakikishia kuwa sikukosa, nikaitoa simu nikawaonyesha picha ile. Banati mmoja akanyoosha mkono. "Samahani, Maalim. Hawa watu mbona wamevaa makoti?"

Nikaitazama tena. Wanaume wote wanne wamevaa makoti mazito ya baridi, yamefungwa mpaka shingoni. Na sisi tulikuwa katika Kaskazi, feni zinazunguka juu yetu na jasho linatutiririka. Mwengine akasema nambari ya lori si ya Kenya. Mwalimu wa Kiswahili, aliyekuwa amekaa nyuma ya darasa akisahihisha madaftari, akaichukua picha akaitafuta katika intaneti kwa ile njia ya kutafuta picha kwa picha, na hazikupita dakika tano akaipata. Ilikuwa imekwisha kuchapishwa miaka minne nyuma, katika nchi isiyokuwa hata ya Afrika.

Mchana ule ule nilisimama pale pale niliposimama wiki iliyotangulia. Nikasema kuwa khabari niliyowapa ilikuwa ya uwongo, kuwa mimi ni katika walioieneza, na kuwa mwenye bucha ananidai haki yake mbele ya Mwenyezi Mungu isipokuwa anisamehe. Wazee wawili walinijia baadaye wakaniambia nimejishusha, na nimeishusha hadhi ya wanavyuoni mbele ya watoto. Mmoja alisema afadhali ningenyamaza, watu wangesahau wenyewe. Watu hawasahau mambo ya nyama.

Lililonishughulisha zaidi ni hili, kwamba mimi elimu ya kupima khabari nimeisoma. Baiquniyya niliihifadhi nikiwa kijana wa miaka kumi na sita, beti zake 34, kisha nikaisomesha kwa zaidi ya miaka ishirini. Najua kuwa khabari ina sanad, yaani mlolongo wa walioipokea mmoja kwa mwengine, na ina matini, yaani maneno yenyewe, na kuwa vyote viwili hutazamwa. Najua jinsi Imam Bukhari, aliyefariki mwaka 256 wa Hijra, alivyokuwa haridhiki kwa mpokezi kuwa mkweli tu, mpaka ithibiti kuwa alikutana na yule anayepokea kwake. Najua kuwa wanavyuoni waliandika vitabu vizima vya hali za wapokezi: huyu mwaminifu, huyu msahaulifu, huyu mwongo, huyu hajulikani. Nikikutana na riwaya kitabuni ambayo mpokezi wake hajulikani, naisimamisha pale pale. Na picha ya punda ilinijia bila ya mpokezi hata mmoja, nikaipokea kama iliyopokewa na Bukhari na Muslim.

Tena alama ilikuwapo. Juu ya ujumbe palikuwa na mishale miwili, ambayo katika WhatsApp maana yake ni kuwa ujumbe umekwisha kupita mikono mitano au zaidi tangu kwa aliyeuanzisha. Wenye kampuni wenyewe waliiona khatari yake, na tangu mwaka 2020 wameuzuia ujumbe wa namna hiyo usipelekwe ila mahali pamoja kwa wakati mmoja. Mimi nikafanya taabu ya kuupeleka mara tatu.

Aya ya sita ya Surat al-Hujurat, inayotuamrisha tuichunguze khabari anayotuletea mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta, nimeifasiri mara nyingi mno. Kisa cha Bibi Aisha (R.A.) kilichomo katika Surat an-Nur, jinsi maneno ya uzushi yalivyozunguka Madina, mdomo kwa mdomo, hata baadhi ya watu wema wakayachukua, nimekisomesha kila mwaka. Elimu yote hiyo nilikuwa nayo, lakini imefungiwa katika kitabu chake. Niliidhani ni ya wapokezi waliokufa zamani. Haikunijia kuwa yule jamaa aliyenipelekea picha naye ni mpokezi, na kuwa mimi nilipoipeleka kwa kina mama nikawa mpokezi pia.

Kwa sababu hiyo, mwalimu mkuu wa skuli ile aliponialika katika kikao cha walimu kuzungumza juu ya jambo hili, sikukubaliana naye. Yeye alitaka kianzishwe kipindi kimoja kwa wiki, kisomeshwe na mwalimu wa kompyuta, watoto wafundishwe kuzitambua khabari za uwongo, basi. Ni mtu mwema na nia yake ni njema. Na mtaala wetu wa umilisi, ambao muundo wake ulitolewa na KICD mwaka 2017, umeutia ujuzi wa kidijitali katika umilisi saba wa msingi, pamoja na kufikiri kwa makini na uraia. Lakini katika skuli nyingi ujuzi huo umefahamika kuwa ni kujua kuiwasha mashine na kuizima. Nilisema kuwa mtoto atapasi mtihani wa kipindi hicho, kisha jioni atawapeleka punda kwa shangazi yake, kama nilivyofanya mimi niliyepasi Baiquniyya.

Hapo mwalimu wa Kiswahili, yule yule aliyeitafuta picha, akatueleza khabari za Finland. Ni nchi ya watu kama milioni 5 na nusu, kaskazini mwa Ulaya, iliyojitenga na Urusi mwaka 1917 na mpaka leo inapakana nayo kwa zaidi ya kilomita 1,300. Watu wake wamezoea tangu zamani kupokea maneno ya kuwatia hofu kutoka nje. Katika mtaala wao waliouandika mwaka 2014 na kuanza kuutumia mwaka 2016, hawakuweka somo la peke yake la kuzipima khabari. Waliufanya usomaji wa kila namna, wa maandishi, wa picha, wa sauti na wa tarakimu, kuwa ni wajibu wa kila mwalimu katika kila somo. Wa hisabati huonyesha namna hesabu za kweli zinavyoweza kusema uwongo, wa sanaa namna picha inavyogeuzwa maana, wa historia namna watawala walivyowapumbaza watu kwa mabango na hotuba, na wa lugha namna maneno yanavyoteuliwa ili yaudhi au yapendeze. Katika orodha inayotolewa na taasisi moja ya mjini Sofia kuzilinganisha nchi za Ulaya katika uwezo wa kuukinga uwongo wa namna hii, tangu mwaka 2017 Finland imekuwa ya kwanza mara kadha wa kadha.

Nilifurahi kusikia, na nikasema moyoni kuwa hawa watu wamefanya skulini yale yaliyokuwa yakifanywa katika vyuo vyetu. Katika chuo cha zamani hapakuwa na kipindi cha ukweli. Ukisoma Qur'ani unaulizwa umeipokea kwa nani, ukisoma fiqhi unaulizwa ni kauli ya nani na imo kitabu gani, ukisoma tarekhe vivyo hivyo. Tabia ile ilikuwa ndani ya kila somo. Ila tulipofika nje ya mlango wa chuo tuliiacha pamoja na mabao yetu ya kuandikia.

Kikao kile kilikuwa kirefu na si kila mwalimu aliridhika. Mmoja alisema mtihani hauulizi mambo hayo. Lakini wengine wakaanza, kila mtu kwa somo lake, na mimi nikaomba ruhusa ya kukaa nyuma ya darasa nisikilize. Mwalimu wa hisabati alichora ubaoni bei ya mkate ikipanda kutoka shilingi 60 mpaka 65. Mara ya kwanza alianzia ukingo wa mchoro kwenye sufuri, na nguzo mbili zikawa karibu sawa. Mara ya pili alianzia kwenye 58, na nguzo ya pili ikawa zaidi ya mara tatu ya ya kwanza. Tarakimu ni zile zile. Watoto walicheka, nami nikajiuliza ni mara ngapi nimetishwa na nguzo kama zile gazetini. Wa sayansi aliwarejesha mwaka 2020, wakati wa korona, watu wanajifukiza na kunywa ndimu na tangawizi kwa kuwa simu zimesema ndiyo dawa, akawauliza: anayesema kitu kimemponya, tutajuaje kuwa asingepona bila ya kitu hicho?

Somo lililonikaa zaidi ni la Kiswahili, labda kwa kuwa sisi watu wa pwani hujiona lugha hii ni yetu na hatuhitaji kufundishwa. Mwalimu yule, naye ni mtu wa bara, aliandika ubaoni maneno matatu: inasemekana, imethibitishwa, imegunduliwa. Akauliza, nani amesema? Nani amethibitisha? Nani amegundua? Hapana mtu. Kitenzi kimemficha mtendaji. Nikaona kuwa ile ndiyo tadlisi waliyoitaja wanavyuoni wa Hadithi, mpokezi anapomficha mtu dhaifu katika mlolongo ili khabari ionekane salama, na kumbe lugha yetu ina mlango wake wa kufanyia hivyo.

Kwa mwalimu wa masomo ya jamii nilichangia mimi. Niliwaeleza watoto juu ya barua ya Sheikh Ahmad. Wazee wanaijua. Ni barua inayodai kuwa Sheikh Ahmad, mhudumu wa kaburi la Mtume (S.A.W.) Madina, amemuona Mtume usingizini akamuonya juu ya maovu ya umma, na kuwa atakayeinakili na kuieneza atapata kheri na atakayeipuuza atapata msiba. Mwaka 1908 barua ya namna hiyo ilienea Lindi na pwani ya kusini ya Tanganyika, na Wajerumani, waliokuwa ndiyo kwanza wametoka katika Vita vya Maji Maji vya 1905 mpaka 1907, waliingiwa na hofu kuwa ni mwito wa kuwaondoa. Sheikh Ibn Baz wa Saudia aliandika kuikanusha. Hata hivyo inazaliwa upya kila baada ya miaka, na siku hizi inakuja kwa simu. Mimi mwenyewe katika miaka ya sabini, nikiwa mtoto wa chuoni, niliinakili kwa mkono nakala nyingi, usiku, kwa taa ya kandili, nikilia kwa kuogopa mamangu atakufa. Watoto waliniuliza kama mamangu alikufa. Niliwaambia aliishi miaka arubaini na zaidi baada ya hapo, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Sasa kuna mzazi mmoja aliyenilalamikia, na lalamiko lake si la kupuuzwa. Alisema, "Sheikh, mtoto wangu kila nikisema neno ananiuliza nimelipata wapi. Huu ndio utovu wa adabu mnaowafundisha?" Nilimsimulia kisa cha Abu Musa al-Ash'ari (R.A.), alipobisha hodi kwa Sayyidna Umar (R.A.) mara tatu, asijibiwe, akarudi. Alipoulizwa kwa nini amerudi akasema ndivyo alivyofundisha Mtume (S.A.W.). Sayyidna Umar akamtaka alete shahidi. Abu Musa, sahaba mkubwa, akenda kwenye baraza la Ansari kumtafuta aliyesikia, na aliyeondoka naye kwenda kumshuhudilia ni Abu Said al-Khudri (R.A.), aliyekuwa mdogo wao. Hakukasirika Abu Musa, wala Umar hakumtuhumu. Lakini nilimkubalia yule mzazi kuwa kuna namna ya kuuliza. Yule banati wa makoti alianza kwa samahani. Hilo nalo ni la kufundishwa, na mwalimu wa kompyuta peke yake hawezi kulifundisha.

Na liko jengine linalonitia hofu zaidi kuliko utovu wa adabu. Wako vijana ambao wakishajua kuwa uwongo ni mwingi huacha kusadiki chochote. Mmoja aliniambia kwa kujivuna kuwa yeye haamini khabari yoyote, hata ya mwezi kuandama. (Na kwa mambo yetu ya mwezi, kila mwisho wa Shaaban simu zimekwisha kutangaza kabla ya Kadhi, siwezi kumlaumu sana.) Lakini asiyeamini kitu amekuwa mvivu kama anayeamini kila kitu, wote wawili wamejiondolea taabu ya kupima. Wanavyuoni wetu hawakuweka sanad ili wazikatae Hadithi. Waliiweka ili wapate kuzikubali kwa moyo uliotua. Mtoto afundishwe pia kusema, hii ni kweli, nimeipokea kwa fulani, naye alikuwapo.

Tena siku hizi mashine za akili unde zinaweza kutengeneza sura ya mtu na sauti yake akisema asiyoyasema. Picha ya kesho haitakuwa na makoti katika Kaskazi. Itakuwa na kanzu na kofia na jasho, na nambari ya lori itakuwa ya Kenya. Jicho la yule banati, pamoja na ukali wake, halitatosha. Kitakachobaki ni kuuliza imetoka kwa nani na kumwendea mwenye jambo, kama alivyoniambia mwenye bucha.

Mimi nami sikusalimika. Mwaka jana siku ya zawadi pale skulini nilipewa nafasi ya kusema, nikaitaja, kama ninavyoitaja kila mwaka, ile riwaya mashuhuri ya kutafuta elimu inayotaja Uchina. Nilipokaa, mvulana wa gredi ya tisa akanijia taratibu, akaniamkia, akaniuliza, "Maalim, ile Hadithi sanad yake ikoje?" Jawabu nilikuwa nalijua tangu ujana wangu. Wanavyuoni wa Hadithi wameidhoofisha, na Ibn al-Jauzi, aliyefariki mwaka 597 wa Hijra, aliitia katika kitabu chake cha Hadithi za kuzuliwa. Nilikuwa nikiitaja kwa kuwa maana yake ni nzuri na watu huipenda. Nikamwambia hivyo hivyo. Akaniuliza, na aliyesambaza picha ya punda, si naye alisema maana yake ni nzuri, kuwaokoa Waislamu? Sikuwa na la kumjibu ila kumuombea dua.

Bucha ingali wazi na nyama yangu nanunua pale. Mwenyewe alinisamehe mbele ya watu wawili. Lakini wateja wengine waliondoka wasirudi, na baadhi yao ni katika wale kina mama niliowapelekea mimi. Nimewafuata nyumba kwa nyumba kuwaeleza. Wiki iliyopita mmoja alinijibu, tena kwa upole, kuwa anajua khabari ile ni ya uwongo na alinisikia nilipoikanusha, lakini kila akikaribia pale anaviona vile vichwa, na moyo wake haumpi.